Nyumba Ndogo Zisizoonekana: maneno ya monitere wa kilimo juu ya viumbe vyenye uzima na kabila zao

   

Leo sikuleta jembe wala mbegu. Nimeleta vitu vinne, navyo viko hapa juu ya meza: kitunguu, yai, kipande cha sega la nyuki, na majani mawili ya muhogo, moja zima, moja gonjwa. Tutavitazama kimoja kimoja. Mwisho tutarudi kwa lile jani gonjwa, kwa maana ndilo lililonileta kwenu. Ninyi mnajua namna mihogo ilivyopungua. Mnajua tena maneno mabaya yaliyosemwa mgini kwa sababu yake. Basi sikilizeni polepole. Asiyeelewa aulize. Kuuliza si haya.

1. Kila kitu chenye uzima kimejengwa na seli

Mtu akitaka kujenga nyumba anafanya matofali kwanza. Ukitazama nyumba kutoka mbali unaona ukuta mmoja tu. Ukikaribia unaona matofali mengi, kila moja mahali pake. Hivi ndivyo ulivyo mwili wa mtu, wa mbuzi, wa muhogo na wa mti wa porini. Kwa macho tunaona kitu kimoja, lakini ndani yake mna vyumba vidogo vingi vilivyopangwa. Jina la chumba kimoja ni seli.

Nani aliyeziona mara ya kwanza? Mwingereza mmoja, jina lake Robert Hooke. Katika mwaka 1665 aliandika ya kwamba alikata kipande chembamba sana cha gamba la mti, lile gamba jepesi linalozibia chupa, akalitazama kwa mikroskopi, maana yake chombo cha vioo kinachokuza vitu vidogo. Akaona vijumba vingi vimeshikamana, mfano wa sega la nyuki. Shikeni sega hili, mlipitishe kwa mkono. Hivyo ndivyo alivyoona. Akaviita seli, ni kusema vyumba vidogo.

Lakini vyumba vile vilikuwa vitupu, kwa kuwa gamba lilikuwa limekwisha kufa. Nyuma yake, katika miaka ya 1670, Mholanzi mmoja mwuza nguo, Antonie van Leeuwenhoek, alitazama tone la maji akaona wadudu wadogo mno wakitembea ndani. Hawa walikuwa wazima. Katika mwaka 1838 Schleiden alifundisha ya kwamba miti yote na majani yote yamejengwa na seli. Mwaka uliofuata, 1839, Schwann akasema ni vivyo hivyo kwa nyama zote. Na katika mwaka 1855 Virchow akaongeza neno kubwa: kila seli imetoka katika seli nyingine iliyotangulia. Seli haizaliwi na potopoto, wala na upepo, wala na maneno ya mtu.

Mimi sikusoma sana. Nilimaliza masomo ya kwanza kwa misioni tu, kisha nikajifunza kilimo. Lakini siku moja walinipa kuweka jicho langu kwenye mikroskopi. Walichuna ile ngozi nyembamba iliyo kati ya maganda ya kitunguu, wakaiweka juu ya kioo pamoja na tone la maji. Nikaona ukuta wa matofali yasiyo na mlango, na ndani ya kila moja doa dogo. Nilikuwa nimekula vitunguu tangu utoto, wala sikujua ninakula nyumba nyingi namna ile.

2. Ndani ya seli moja mna nini

Sasa tazameni yai hili. Limetagwa na kuku asiye na jogoo. Nalipasua. Mnaona ile sehemu ya njano iliyoviringana? Ile yote ni seli moja. Ni kubwa hivi kwa sababu imejaa chakula. Seli nyingine karibu zote ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona peke yake.

Katika seli mna mambo matatu ya kushika. La kwanza ni ngozi yake ya nje, inayochagua kitu gani kiingie na kitu gani kitoke, kama mlinzi wa mlangoni. La pili ni maji mazito yaliyo ndani, na ndani yake kazi inafanyika mchana na usiku. La tatu ni kiini, lile doa nililoliona. Katika kiini mmewekwa desturi zote za ukoo: namna ya jani, rangi ya ua, urefu wa shina. Kwa hiyo muhogo unazaa muhogo, na mbuzi anazaa mbuzi.

Seli ya mmea ina mambo mawili zaidi. Ina ukuta mgumu nje ya ngozi yake, na kwa sababu hiyo mti unasimama bila mifupa. Tena katika majani seli zina chembe za kijani. Chembe hizi ni jiko. Zinashika mwanga wa jua, zinachukua maji yaliyopanda kutoka mizizini na hewa iliyoingia kwa vitundu vya jani, zinapika sukari. Nyama hawana jiko hili. Kwa hiyo nyama wote, nasi watu pamoja nao, tunakula kilichopikwa na majani, ao tunamla yule aliyekula majani.

Seli inaongezeka namna gani? Inajigawanya. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Ikijigawanya hivyo mara kumi, zimefika 1,024. Kila mmoja wetu alianza kuwa seli moja tumboni mwa mama yake. Leo mwili wa mtu mzima una seli karibu milioni 30 mara milioni moja. Hakuna awezaye kuzihesabu kwa vidole.

3. Seli zinagawana kazi kama watu wa mgini

Katika mgini mmoja wako wanaolima, wako wanaofua chuma, wako wanaovua samaki, wako wanaoamua maneno. Hakuna anayefanya yote. Seli ni vile vile. Zile za kazi moja zinakaa pamoja: za ngozi zinafunika, za nyama ya mkono zinavuta, za mfupa zinashikilia. Makundi haya yakiunganika yanafanya kiungo: moyo, tumbo, jicho. Viungo vyote vikisaidiana vinafanya mwili mmoja.

Katika muhogo, jani ni jiko, shina ni njia, mzizi ni ghala. Jani linapika, njia inachukua, ghala linaweka. Unga wa bukari yenu ni chakula kilichopikwa juu kwenye majani na kuwekwa chini kwenye mizizi. Shikeni neno hili vizuri: jani likiugua, ghala linakosa kitu. Mtu asishangae kukuta mizizi myembamba kama kidole chini ya majani yaliyokunjamana. Jiko limezimika, ghala litajaa nini?

4. Kabila za viumbe

Viumbe vyenye uzima ni vingi sana. Mtu akitaka kuvijua bila mpango atachoka. Kwa hiyo wenye akili walivipanga kwa ukoo, kama sisi tunavyopanga watu: mtoto, nyumba ya baba yake, ukoo wake, kabila lake. Mtu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliandika kitabu cha mimea katika mwaka 1753, akaupa kila mmea majina mawili, moja la ukoo, moja lake mwenyewe. Muhogo leo unaitwa Manihot esculenta pote duniani. Hapa mnauita kwa jina lenu, wenzetu wa ng'ambo ya mto wana lao, lakini kwa majina haya mawili hakuna anayekosea.

Tutazame makundi makubwa.

Kundi la kwanza ni bakteria. Hao ni seli moja tu, tena isiyo na kiini. Wengine ni wabaya: kolera inaletwa na bakteria wa maji machafu. Wengine ni rafiki. Ng'oa shina la karanga uangalie mizizi: una vinundu vidogo. Ndani yake wanakaa bakteria wanaochukua chakula hewani na kukipa mmea. Kwa hiyo tunasema pandeni karanga ao maharagwe, kisha mahindi, kisha tena karanga. Wako wengine wadogo kama bakteria, jina lao arkea. Carl Woese alionyesha katika mwaka 1977 ya kwamba hao ni ukoo mwingine kabisa, ingawa kwa macho wanafanana.

Kundi la pili ni wale wa seli moja yenye kiini. Mdudu wa malaria ni mmoja wao, anachukuliwa na mbu. Mdudu wa malale ni mwingine, anachukuliwa na mbung'o.

Kundi la tatu ni uyoga na ukungu. Wengi wanafikiri uyoga ni mmea, kwa kuwa unatoka udongoni. Sivyo. Uyoga hauna chembe za kijani, haupiki kwa jua. Unakula vilivyooza, ao unakula kwa mwenzake. Leo wenye kuchunguza seli wanajua ya kwamba uyoga uko karibu na nyama kuliko na majani. Mzee mmoja aliponisikia hivi alicheka, akasema, "Ndiyo sababu unashinda mboga kwa utamu." Ule ukungu wa kijani juu ya mahindi yaliyoanikwa vibaya ni wa kundi hili, na sumu yake inaharibu maini. Msiukwangue na kula. Tena uyoga mwingi mnaookota porini mwanzo wa mvua umefungamana na mizizi ya miti mikubwa ya miombo: mti unaupa sukari, uyoga unaupa mti maji na chakula cha udongo. Mkikata miti yote juu ya makala, uyoga ule hautarudi.

Kundi la nne ni mimea. Ndani yake muna koo nyingi. Mahindi, mtama, ulezi, mpunga, muwa na mwanzi ni ukoo mmoja, ukoo wa nyasi. Maharagwe, kunde na karanga ni ukoo mmoja, na miti yetu mikubwa ya miombo ni ndugu zao. Mkitaka kuona, pasueni maganda ya mbegu zake, mtakuta mfano wa ganda la haragwe. Muhogo ni ndugu ya mbono na ya mti wa mpira.

Ninyi mnaokaa karibu na vilima vya shaba mnajua lile ua dogo la zambarau linaloota mahali miti haioti. Jina lake ni Haumaniastrum katangense, nalo ni la ukoo wa lumbalumba, lile jani la harufu mnalochemsha. Linavumilia udongo wenye shaba nyingi unaoua mimea mingine. Wenye kutafuta mawe ya shaba wamelifuata. Linaota tena mahali wazee wetu walipoyeyusha shaba zamani, kwa hiyo wenye kuchimba mambo ya kale wamelifuata nao, wakapata tanuru zao. Na ua lingine la njano, Crotalaria cobalticola, la ukoo wa maharagwe, linaota kwenye kobalti. Kwenu wakulima maana yake ni hii: mahali ua la shaba limejaa na miti haioti, msipande mboga pale.

Kundi la tano ni nyama. Hapa tena macho yanadanganya. Popo anaruka, lakini si ndege: ana manyoya kama panya, na anamnyonyesha mtoto wake. Mchwa anafanana na siafu, lakini ndugu yake wa kweli ni mende. Finkubala mnaokula si kabila la peke yake: ni mtoto wa kipepeo wa usiku, na mkiwaokota wote pasipo kuacha hata mmoja akue, mwaka ujao hakuna wa kutaga.

5. Jina likikosewa, dawa inakosewa

Mtu anaweza kusema, "Monitere, majina haya yatanisaidia nini? Mimi nataka kushiba." Neno lake ni la haki. Basi nitawaeleza jambo lililotokea katika nchi yetu.

Katika mwaka 1973, upande wa Kinshasa na wa Brazzaville, watu waliona mdudu mpya juu ya mihogo. Alikuwa mdogo, amejifunika unga mweupe kama nta. Alinyonya ncha za shina, majani yakajikusanya na kukunjika. Wote walikuwa wa kike, nao walizaa bila dume. Kwa hiyo mmoja tu akichukuliwa juu ya kijiti cha muhogo aliweza kujaza shamba. Alienea nchi nyingi za Afrika. Katika mashamba mengine mavuno yalipungua hata asilimia 80.

Muhogo si mtu wa kwetu. Ulikuja kutoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno zamani. Wenye akili wakasema: mdudu huyu naye ametoka kule. Na kama kule hawafi na njaa, basi kule yuko adui anayemla. Tumtafute. Wakatafuta upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini, wakaona mdudu mweupe juu ya mihogo, wakaona na adui zake. Lakini adui hao hawakusaidia kitu.

Kwa nini? Walipochunguza sana wakagundua ya kwamba yule hakuwa mdudu wetu. Alikuwa ndugu yake anayefanana naye. Yule wa kule alikuwa na madume, wa kwetu hana. Adui wake hakumtaka huyu wa kwetu. Kwa macho walikuwa kitu kimoja, lakini kwa ukoo walikuwa wawili.

Wakaendelea kutafuta. Katika mwaka 1981 Anthony Bellotti alimpata mdudu mwenyewe katika nchi ya Paraguay, na pamoja naye nyigu mdogo sana, hafiki milimeta mbili. Nyigu huyu anataga yai ndani ya mwili wa yule mdudu mweupe, na mtoto wa nyigu anamla kutoka ndani. Walimchunguza kwanza wapate kuwa hakika hataleta ubaya mwingine. Kisha katika mwaka ule ule 1981 wakamfungua katika mashamba ya Nigeria, na nyuma yake katika nchi nyingine nyingi. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Mswisi Hans Rudolf Herren, aliyepewa zawadi kubwa ya chakula duniani katika mwaka 1995. Mahali pengi mihogo ilipona, na mkulima hakununua chupa moja ya dawa.

Mnaona? Miaka ilipotea kwa sababu ya jina moja lililokosewa. Na walipopata jina la kweli, nyigu asiyefika milimeta mbili aliokoa chakula cha watu wengi.

6. Jani gonjwa, na kosa langu

Sasa twende kwa jani hili. Mnaona mabaka ya njano, mnaona lilivyokunjamana. Ugonjwa huu unaitwa mozaiki. Uliandikwa mara ya kwanza katika mwaka 1894, katika milima ya Usambara, nchi inayoitwa leo Tanzania. Kwa hiyo si ugonjwa wa jana, wala haukuzaliwa mgini mwenu.

Mwenye kuuleta ni kabila gani? Si bakteria. Si ukungu. Si mdudu wa miguu sita. Ni virusi. Na virusi si seli. Hana nyumba, hana jiko, hana maji mazito. Ni kama barua yenye maneno mabaya tu. Peke yake hawezi kuzaa. Lakini akiingia katika seli ya muhogo, anailazimisha kuacha kazi yake na kutengeneza virusi wengine. Jiko la kijani linaharibika, na ghala, kama nilivyosema, linabaki tupu.

Anaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni inzi mweupe mdogo anayekaa chini ya majani. Tunamwita inzi, kumbe si inzi. Ni wa ukoo wa wadudu wanaonyonya maji ya mimea. Ananyonya mmea mgonjwa, kisha ananyonya mzima, na kuacha ugonjwa humo. Njia ya pili ni sisi wenyewe. Kijiti cha muhogo si mtoto mpya. Ni mwili ule ule unaoendelea. Ukikata kijiti katika mwili mgonjwa, unapanda ugonjwa kwa mkono wako.

Hapa nina neno la kusema juu yangu. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilitumwa mgini mmoja, nao hauko mbali na mashimo kama mgini wenu. Nilikuta mihogo imekunjamana. Sikuuliza ni kabila gani. Nikasema, "Nyunyizieni majivu." Wakanyunyizia. Nikasema tena, "Nunueni dawa ya wadudu." Waliokuwa na makuta wakanunua. Haikusaidia. Kisha nikachukua vijiti vingi katika shamba kubwa la bondeni, kwa kuwa mashina yake yalikuwa manene na majani yalikwisha kuanguka. Nikavigawa kwa nyumba zote. Nilifurahi siku ile, kwa sababu watu waliniimbia. Vilipochipuka, majani yote yalikuja na mabaka.

Mgini ule kulikuwa mama mmoja mzee, mjane. Shamba lake, ng'ambo ya kijito, lilikuwa la kijani. Vijiti vyangu alivikataa. Watu wakasema, "Mbona la kwake zima? Amekula mihogo yetu usiku." Hawakumsalimu tena. Mjukuu wake akakatazwa kucheza na wenzake. Usiku mmoja walitupa mawe juu ya bati la nyumba yake.

Nikaenda kwake kuuliza. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sina dawa. Mama yangu alinifundisha kutazama mihogo ingali na majani. Wenye majani mazuri ninaufunga kamba, ndio nitakaoukata mbegu. Wenye kukunjamana ninaung'oa ungali mdogo. Wewe ulikata vijiti majani yakiwa yamekwisha kuanguka. Ungeonaje ugonjwa?"

Nilinyamaza. Mimi niliyejua neno seli nilikuwa nimegawa ugonjwa nyumba kwa nyumba. Yeye, asiyejua kusoma, alikuwa ameuzuia kwa kamba na macho.

Siku ya pili niliomba wazee wakusanyike, nikasema mbele ya wote ya kwamba ugonjwa uliingia kwa njia mbili, kwa inzi na kwa mkono wangu, wala si kwa mkono wa mama yule. Nikawaonyesha inzi chini ya majani. Wengine walikasirika nami, na haki ilikuwa yao, kwa maana mwaka ule waliuziwa unga na wale wale waliokuja zamani kununua kwao. Mwaka uliofuata vijiti vilitoka shamba la mjane. Watu wengi walikuja kumsalimu. Wawili hawajaja hata leo.

Kwa hiyo nawaomba ninyi. Nimesikia jina la mtu likitajwa katika mgini huu. Sitalirudia hapa. Virusi havitumwi na mtu. Mbele ya kumshitaki jirani, geuzeni jani mtazame chini yake.

7. Mambo ya kufanya

Shikeni haya sita, mkawaambie wasiokuja.

Kwanza: chagueni mashina ya mbegu mihogo ingali na majani. Fungeni kamba kwenye mashina mazima. Kamba ikosekane, kateni alama.

Pili: kateni vijiti katika mashina hayo tu, urefu wa sentimeta 20 mpaka 30, vyenye macho mazuri. Msipokee kijiti hamjui kimetoka wapi, hata kama kinaletwa na monitere. Mwulizeni.

Tatu: katika miezi mitatu ya kwanza piteni shambani mara nyingi. Mmea wenye mabaka ung'oeni, mkauchome. Msiuache kwa huruma. Mmoja unaambukiza wengi.

Nne: msilime shamba jipya la mihogo ubavuni mwa shamba la zamani lililougua.

Tano: msitupe makuta yenu kununua dawa ya kuponya mozaiki. Hakuna. Lakini iko mihogo ya mbegu yenye kuvumilia ugonjwa huu, iliyochaguliwa na wenye kuchunguza kilimo. Mwulizeni agronome, muipande pamoja na mihogo yenu mizuri ya kale, mkaangalie wenyewe ipi inafaa udongo wenu.

Sita: mkiona ugonjwa ao mdudu mpya katika shamba lo lote, msiulize kwanza "Ni nani aliyefanya?" Ulizeni, "Ni kabila gani?" Ana miguu mingapi? Ananyonya ao anatafuna? Kuna unga wa ukungu? Jani limeoza ao limekunjamana tu? Mtu akijibu haya vizuri, amekwisha kupata nusu ya dawa.

Maneno yangu yamekwisha. Majani haya mawili nayaacha kwa mwalimu wa masomo, watoto wayatazame kesho. Sega la nyuki mnaweza kulila. Na sasa mwanga ungalipo, mama zangu, natanguliza kwenda kwenye shamba la karibu na barabara. Mwenye kamba aje nayo, tufunge mashina ya kwanza pamoja.